Kioo cha Gari Lisilo na Kamera

Magari yote katika maegesho ya kituo cha wauguzi yalikuwa yameinua mikono. Ndivyo watu wa Tokamachi, mji wa theluji nyingi, wanavyoyaacha wakishuka, waipa zimesimamishwa wima zisije zikagandia kioo, na asubuhi mtu wa Tokyo akiyaona anaweza kudhani yamekamatwa na polisi. Mkaguzi Akutsu Misao, mwanamke wa Tokyo, alipita katikati yake akiinua miguu kama kuku kwenye tope. Hakuangalia namba wala rangi, maana rangi zote zilikuwa zimelala chini ya theluji. Alikuwa anatafuta tundu.

Alilikuta kwenye gari la mwisho. Kilikuwa kigari kidogo, kimefunikwa gubigubi kama wenzake, isipokuwa sehemu moja ya kioo cha mbele. Hapo jua changa la asubuhi lilikuwa limekipasha kioo joto kidogo, theluji ikateleza, na duara lenye ukubwa wa kisahani cha chai likabaki wazi na kavu. Akutsu aliinama kuutazama ukingo wa duara lile. Ukingo haukuwepo. Theluji ilikuwa nene, kisha nyembamba, kisha ukungu tu, kisha hakuna. Maneno hayo alikuwa ameyasoma ofisini kwake, yameandikwa kwa lugha kavu ya maombi, na sasa yalikuwa mbele ya pua yake yakidondosha maji.

Moyo ulimshuka. Alikuwa ametumaini kwamba picha iliyomleta huku ni ya uongo.

Akutsu ni mpelelezi asiye na bastola wala pingu. Anakagua maombi ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi kumiliki uvumbuzi wake, upande wa vioo vya magari, na kesi zake zote zina swali moja: je, kitu hiki ni kipya kweli, au kuna mahali kilishaonekana? Kwa kawaida jibu hulipata mezani, bila kulowa miguu. Ombi la safari hii lilitoka kwa Segawa, mwenye kiwanda kidogo cha vioo pembeni ya mji huu. Lilihusu kioo cha mbele kilichopakwa tabaka la kuzuia joto na mng'ao, tabaka linalopungua unene taratibu kuelekea sehemu ambayo kamera na vihisi vya gari hutazamia nje, mpaka unabaki utando unaokata mng'ao na ukungu bila kuzuia kuona. Anayeijua kazi hii anaijua adha yake. Tabaka likiwa zito, kamera haioni. Ukilikwangua mahali pa kamera, ukingo unaupinda mwanga, mtu mmoja barabarani anaonekana wawili. Ukiacha kioo kitupu, ukungu unakijaa, na jua la majira ya baridi likipiga theluji linaipofusha kamera kabisa. Makampuni makubwa yamehangaika nalo. Fundi mmoja wa Segawa, Igarashi Tetsuro, akalimaliza kwenye kiwanda ambacho paa lake linavuja.

Akutsu alilisoma ombi lile akalipenda. Ni aibu kwa mkaguzi kupenda ombi, lakini yeye kazi hii ameifanya mpaka nywele zimemgeuka, na vitu vizuri havipiti mezani kwake kila mwezi. Alikuwa karibu kulikubali ndipo bahasha ilipofika. Sheria inamruhusu mtu yeyote kuitonya ofisi, hata bila kutaja jina. Ndani mlikuwa na picha: kigari kwenye theluji, waipa juu, duara wazi kwenye kioo, na mlangoni jina la kituo cha wauguzi. Kwenye kona ya kioo ilionekana stika ya ukaguzi wa gari, na muda wa stika ile ulikwisha mwishoni mwa majira ya baridi ya mwaka juzi. Picha, basi, ilipigwa kabla ya hapo, na ombi la Segawa lilipelekwa vuli iliyofuata, miezi kadhaa baadaye.

Hesabu yake haikuwa ngumu. Kama kioo kilitembea barabarani kabla ya ombi, mbele ya watu wasio na wajibu wa kuficha, basi si kipya tena, na hataza haipo. Kama yalikuwa majaribio ya siri ya kiwanda, ombi linapona. Akutsu alikuwa ameanza kwa kuwashuku washindani, kwamba wametengeneza picha. Gari lilikuwa hapa, kwa hiyo dhana hiyo ilikufa. Dhana ya pili ilikuwa kwamba gari ni la kiwanda, lakini mlangoni liliandikwa jina la wauguzi.

Kulikuwa na jambo lingine. Kamera za magari hukaa katikati, juu, nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Duara hili lilikuwa kulia, mbele ya usukani. Akutsu alipangusa theluji kwenye dirisha la pembeni akachungulia ndani. Hakuona kamera wala kihisi. Gari lenyewe lilikuwa la zamani, redio yake bado ni ya kuzungusha kwa vidole.

"Unatafuta nini kwenye gari langu?"

Alikuwa mwanamke mfupi, wa umri wa miaka hamsini hivi, koti zito juu ya sare ya muuguzi, brashi ya theluji mkononi. Akutsu aliinama, akatoa kadi yake kwa mikono miwili na kuomba radhi. Mwanamke aliisoma kadi yote, mpaka maandishi madogo ya chini, kisha akaitia mfukoni taratibu.

"Honma Chizuru," alisema. "Umekuja kwa ajili ya kioo."

Hakuonekana kushangaa. Huku akipangusa paa la gari alieleza kwamba mwaka juzi, katikati ya baridi, lori lilirusha jiwe likampasulia kioo. Gari hilo, lake binafsi lenye jina la kituo cha kazi, alilipeleka kwa fundi Onozuka, na likarudi likiwa na kioo hiki. Mwanzoni hakuona tofauti yoyote. Kisha siku moja alikuwa anatoka kwa mgonjwa kule Matsudai, jua limelala chini, theluji inawaka pande zote, saa ambayo zamani ilikuwa inamlazimu kusimama pembeni na kufunga macho. Siku hiyo hakusimama. Aliona barabara yote mpaka nyumbani.

"Macho yangu hayavumilii mng'ao," alisema. "Tangu msichana."

"Nani anajua hilo?"

"Mimi. Marehemu mama yangu." Aliendelea kupangusa mahali palipokwisha pangusika. "Na mtu mwingine mmoja."

Akutsu aliomba kukaa kwenye kiti cha dereva. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele mno, magoti yakagonga dashibodi, na lile duara likawa chini ya kidevu chake. Ili kuchungulia humo ilimbidi akunje shingo. Alishuka akamwomba mwenye gari akae, kisha akazunguka mbele na kusimama kwenye theluji. Katikati ya duara yalitokea macho ya Bi. Honma, yote mawili, sawasawa kana kwamba amewekewa fremu.

Kiwanda kinachofanya majaribio huweka duara mahali pa kamera. Aliyeweka hili alikuwa anamfikiria mtu mmoja, na alijua anavyokaa.

Akutsu alirudi mlangoni. "Uliwahi kuolewa?"

"Si jina lake umekuja nalo kwenye huo mkoba wako?"

"Igarashi Tetsuro."

"Tuliachana bila ugomvi," alisema Bi. Honma, mikono kwenye usukani. "Yeye alikuwa na kiwanda, mimi nilikuwa na chakula kinachopoa mezani. Nikarudi kwetu na jina letu. Sasa tunapishana sokoni, tunainamiana vichwa."

Akutsu alimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kumtaka atunze siri ya kioo. Hakuna, alijibu. Hakuna aliyewahi kumwambia neno lolote juu yake, na hilo ndilo lililokuwa likimsumbua. Lakini jana mkurugenzi Segawa alimpigia simu. Alikuwa mpole sana. Alimwomba afike kiwandani leo alasiri, aje na muhuri wake wa kutilia sahihi, athibitishe kwamba alikuwa mtu wa majaribio na kwamba aliahidi kunyamaza.

"Nikisema ndiyo, anaipata hataza?"

"Siruhusiwi kukushauri."

"Na nikisema hapana, anaikosa." Aliwasha gari, hita ikaanza kunguruma. "Miaka yote ile tunakaa pamoja alikuwa anaitafuta hiyo. Sitaki aikose kwa mdomo wangu. Ila mimi nina swali langu, Mkaguzi, na si la sheria. Nataka kujua kama nilikuwa majaribio."

Gereji ya Onozuka ilinuka mafuta na ngisi aliyebanikwa. Mwenyewe alikuwa amelipa kisogo jiko la mafuta ya taa, anapasha makalio moto, na alipoiona kadi ya Akutsu alicheka.

"Hataza? Mimi nilidhani umekuja kwa kodi. Karibu, mama, karibu moto."

Aliongea bila kubembelezwa. Ndiyo, kioo kilitoka kwa Tetsu, yaani Igarashi wa kiwanda cha Segawa. Gari la Bi. Honma lilipoletwa limepasuka, Tetsu alitokea siku hiyohiyo, maana mji ni mdogo na habari ya jiwe ilimfikia kabla ya mwenye gari kufika nyumbani kunywa chai. Aliingia garini akakaa upande wa abiria. 

"Kisha akafumba macho," alisema Onozuka. "Fundi wa vioo, ana vipimo vya kupimia unywele, afumbe macho. Akanyoosha kidole hewani, mbele ya kile kiti kitupu. Akaniambia, macho yake yanakuwa hapa. Nikabandika utepe pale alipoonyesha. Baada ya siku chache akaja na kioo."

"Alikwambia utunze siri?"

"Aliniapisha."

Akutsu alisogea karibu na jiko. Kama fundi aliapishwa, ombi la Segawa lilikuwa limepata pa kushikilia. "Alikuapisha vipi? Naomba maneno yake hasa."

"Alisema, usimwambie Chizuru kimetoka kwangu. Mwambie ni kioo cha kawaida."

"Na watu wengine?"

"Wengine wapi?"

"Wateja. Mafundi wenzako. Alikukataza kuwaambia?"

Onozuka alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama theluji ni nyeupe. "Wengine hakuwataja. Mama, mji mzima unajua. Kila aliyeleta gari hapa wiki ile nilimwonyesha, nikapulizia pumzi kwenye kioo aone ukungu unavyokimbia pale katikati. Kulikuwa na bwana mmoja muuza vioo wa kampuni nyingine, amevaa suti nzuri, alizunguka gari mara mbili, na majuma machache baadaye nikamwona kule kituo cha wauguzi analipiga picha. Nikamcheka, nikamwambia, unapiga picha barua ya mapenzi ya watu." Aligeuka apashe upande wa mbele. "Kama kuna asiyejua Tokamachi hii, ni mwenye gari peke yake."

Akutsu alimwomba arudie maneno hayo taratibu, akaandika. Ilikuwa siri ya ajabu kuliko zote alizowahi kukagua. Siri ya kiwanda hufichwa dunia nzima na kujulikana na wachache. Hii ilijulikana na dunia nzima ikafichwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa anatazama kupitia kwayo kila siku.

Bado Segawa angeweza kubisha. Angesema Onozuka ni mropokaji, kwamba makubaliano yalikuwepo na fundi ameyasahau. Katika mambo ya siri anayetoa kauli ya mwisho ni mwenye kuitoa siri, na huyo alikuwa Igarashi.

Kiwandani Akutsu aliacha viatu mlangoni, akavaa ndara za wageni. Mkurugenzi Segawa alikuwa mnene, mkunjufu, sauti ya mtu wa karaoke, na aliweka mezani chai ya kijani na biskuti za mchele za kutosha harusi. Karibu na dirisha alikaa Igarashi, mrefu, mabega yameinama, vumbi jeupe la kusagia vioo limebaki kwenye mikunjo ya mikono ya shati. Alimwinamia Akutsu, kisha akatazama birika lililokuwa juu ya jiko.

Bi. Honma aliingia wa mwisho. Yeye na Igarashi waliinamiana vichwa kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki. Alikaa mwisho wa meza, akaweka mbele yake kifuko kidogo cha muhuri.

Segawa alianza. Gari la Bi. Honma, alisema, lilichaguliwa kwa makusudi kwa majaribio ya siri katika hali halisi ya baridi. Watu wote waliohusika walielewa kwamba ni siri. Huku kwao, aliongeza, mambo ya namna hiyo hayaandikwi, watu wanaelewana.

"Mlipima nini?" aliuliza Akutsu.

"Ukungu, mng'ao, joto la..."

"Nimemuuliza Bwana Igarashi."

Igarashi aligeukia dirisha. "Hatukupima."

"Kamera ilikaa wapi?"

"Hapakuwa na kamera."

"Tulitumia jicho la dereva mahali pa kamera," Segawa aliwahi. "Ukifikiria vizuri, Mkaguzi, jicho nalo ni kihisi."

"Mkurugenzi, ukisema jicho ni kihisi unanisaidia mimi. Maana yake kioo kile kilikuwa tayari kinafanya kila kinachosemwa kwenye ombi lako, na kinafanya barabarani."

Segawa alichukua biskuti, akaivunja, hakuila.

Akutsu aliuliza swali alilokuwa nalo tangu Tokyo. Siku ya kupeleka ombi, je, mkurugenzi alimuuliza fundi wake kama kioo kimewahi kutoka nje? Segawa alisema alimuuliza, mbele ya wakili, na Igarashi alijibu hapana. Akutsu akafunga macho kidogo. Sheria ina huruma ya mwaka mmoja kwa mvumbuzi aliyekitoa hadharani kitu chake mwenyewe, mradi akiri wakati wa kuomba. Siku ile kioo kilikuwa na miezi michache tu barabarani. Neno moja siku ile lingeokoa kila kitu. Lakini ili kulisema, Igarashi ilibidi ataje gari ni la nani, mbele ya mkurugenzi, mbele ya wakili, na mtu wa huku yuko tayari kupoteza hataza kuliko kukiri ofisini kwamba bado anamwaza mke aliyekwisha ondoka.

Huruma hiyo sasa ilikuwa imepita, na Akutsu aliwaambia hivyo. Kilichobaki ni kujua kama yalikuwa majaribio ya siri au la.

"Bi. Honma," alisema. "Uliahidi kutunza siri?"

Mwanamke alifungua kifuko, akatoa muhuri, akaulaza juu ya meza.

"Nitasema atakavyosema yeye," alijibu. "Akisema nilikuwa mtu wa majaribio, nitakubali, na nitagonga muhuri wangu, na sitarudi nyuma. Lakini aseme mwenyewe. Na aniangalie akisema."

Akutsu alipaswa kumkatiza, kwa kuwa shahidi hachagui jibu kwa kumtazama mwenzake. Hakumkatiza.

Birika lilianza kuchemka. Segawa aliegemea kwa fundi wake, na sauti yake yote ya karaoke ilikuwa imekwisha. "Tetsu," alinong'ona. "Neno moja tu, ndugu yangu. Majaribio. Tumelisubiri hili maisha yetu yote."

Igarashi aligeuza uso kutoka dirishani. Ilionekana wazi kwamba kwa miaka mingi hakuwa amemtazama mwanamke huyu zaidi ya muda wa kuinamisha kichwa, na kwamba alikuwa na njaa ya kumtazama. Alimtazama nywele, mikono, kisha macho, akabaki hapo.

"Kwanza kilikuwa chako," alisema. "Kamera ilikuja baadaye. Nilipoona umepita Matsudai jioni bila kusimama, nilifikiri, kama macho yake yanaona, basi kamera nayo itaona. Ndipo nikamwendea mkurugenzi."

"Tetsu," alisema Segawa.

"Mtu anajaribu kitu akiwa hajui kama kinafaa. Mimi nilikijaribu hapa kiwandani mpaka nikajua. Nisingekupa uendeshe ndani ya kitu nisichokijua." Alishusha pumzi, akamgeukia mkaguzi. "Hayakuwa majaribio. Niliomba fundi asimwambie yeye. Wengine sikuwakataza."

Bi. Honma alichukua muhuri wake akaurudisha kwenye kifuko. Kamba ya kifuko aliiacha bila kuifunga.

Hapakuwa na la zaidi kwa Akutsu. Alifunga mkoba, akaeleza kwa maneno ya kazi kwamba ofisi itatuma taarifa ya sababu za kukataa na kwamba kiwanda kitakuwa na muda wa kujibu. Segawa alikuwa ameweka viganja usoni. Kumshauri mwombaji ni mwiko kwa mkaguzi, kwa hiyo Akutsu aliongea huku akitafuta glavu zake, kana kwamba anajisemea. Ombi lenu lina sehemu ya pili, alisema, inayohusu namna ya kulipaka tabaka. Mtu akikitazama kioo barabarani anaona kinavyofanya kazi, lakini haoni kilivyopakwa.

Mkurugenzi aliondoa viganja: hiyo bado ingeweza kupata hataza. Ilikuwa sehemu ndogo kuliko waliyoitamani. Kioo chenyewe sasa kila mtu angeweza kutengeneza chake, kwa njia yake, na makampuni makubwa hayangechelewa. Segawa alilijua hilo, Igarashi alilijua zaidi.

Teksi za Tokamachi siku ya theluji ni za kuotea, na Bi. Honma alisema anapita stesheni. Walipotoka, Igarashi alikuwa ameshatangulia nje bila kofia. Alikuwa anashusha waipa za kile kigari, moja baada ya nyingine, akizilaza kwenye kioo polepole zisigonge.

"Mbona hukuniambia?" aliuliza Bi. Honma.

"Ungekikataa."

"Ningekikataa," alikubali. "Halafu ningekifuata mwenyewe kwa Onozuka."

Akutsu, aliyekwisha kaa kiti cha abiria, alijitia kuhangaika na mkanda. Mlango ulikuwa wazi na maneno yote yalimfikia.

"Tabaka linachoka," alisema Igarashi. Alikuwa anakiangalia kioo, kwa kuwa ujasiri wa kumwangalia mwenyewe alikuwa ameshautumia wote mezani. "Kila baridi ikiisha inafaa likaguliwe. Nitamwambia fundi akupigie."

"Onozuka hapana." Bi. Honma aliingia, akauvuta mlango, kisha akashusha dirisha. "Safari hii njoo wewe."

Igarashi aliinamisha kichwa. Walipokata kona ya barabara kuu bado alikuwa amesimama getini, kichwa wazi kwenye baridi.

Barabara ya stesheni inaelekea kusini-magharibi, na jua lilikuwa limeshuka usawa wa uso. Mashamba ya mpunga yalilala meupe pande zote mbili yakirudisha mwanga wote bila huruma. Akutsu alikuwa anatunga kichwani sentensi ya taarifa yake: uvumbuzi huu ulikwisha kujulikana hadharani kabla ya siku ya ombi. Ilikuwa sentensi sahihi na alijua ataiandika kesho. Upande wake wa abiria kioo hakikuwa na duara wala tabaka, mng'ao ulimchoma, akakunja macho mpaka machozi yakamtoka, akashusha kibao cha kuzuia jua na bado haikusaidia.

Alimgeukia dereva ili amwambie kwamba sasa anaelewa adha aliyokuwa akiipata. Bi. Honma alikaa wima, macho yake mawili katikati ya duara, hayajakunjwa hata kidogo, anaiona barabara yote mpaka mwisho. Mng'ao haukuwa umemfikia. Machozi nayo yalikuwa yanamtiririka, na upande wake hapakuwa na jua la kulisingizia.